Nyayo za Profesa Isogai Darini Kwangu

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Hisabati ya chuo chetu hapa Kanazawa, Profesa Isogai Nobutake anastaafu tarehe 31 Machi. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu ofisi yangu iko chini ya yake, na hakuna anayezijua nyayo zake kunishinda.

Isogai hajui kufikiri akiwa ameketi. Hutembea, ndara zikiburuta kutoka dirishani hadi mlangoni, tonge la wali mkononi. Vikaoni husimama nyuma ya kiti chake, na mkuu wa idara alishachoka kumkaribisha aketi.

Ujanani alithibitisha kanuni inayobeba jina lake. Katikati ya uthibitisho, kama tufanyavyo wanahisabati tukiwa na haraka, aliandika kwamba hatua moja ni dhahiri, akaendelea. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wake Shiozaki Madoka, ambaye tasnifu yake nzima ilisimama juu ya kanuni hiyo, aliinua mkono darasani.

"Samahani, Mwalimu. Hapo ni dhahiri kivipi?"

Isogai aliutazama ubao, akafungua kinywa, akatoka nje. Tulidhani atarudi sasa hivi. Jioni ile ndara zilianza kwenda mbio juu ya kichwa changu, na hazikutulia tena miaka yote hii. Kwenye karamu za mwisho wa mwaka tulikicheka kisa hicho. Shiozaki, ambaye sasa ni mhadhiri mwenzetu, hakucheka hata mara moja. Hatua ile ingeanguka, kazi yake yote ingeanguka nayo.

Desturi ya mhadhara wa mwisho ni mstaafu aonyeshe picha za ujana, ashukuru, apewe maua. Isogai hakuleta picha. Alishika chaki akaanza kuandika, akihama ubao hadi ubao, huku mkuu wa idara amekumbatia maua asijue apige makofi saa ngapi. Alipolifikia neno "dhahiri", alilifuta. Mahali pake akajaza ubao mzima. Kisha akageuka, chaki hadi kwenye nyusi, macho yakimtafuta mtu mmoja.

"Haikuwa dhahiri hata kidogo, Shiozaki. Lakini ni kweli."

Shiozaki alilia mbele yetu sote. Maua yalisahaulika mezani.

Tangu siku hiyo dari yangu imenyamaza, na sasa mimi ndiye ninayeshindwa kukaa. Asante, Isogai. Kukutakia mapumziko ni kupoteza maneno, basi tunakutakia afya, njia ndefu na ndara mpya.