Keki Isiyovunjwa

Taisto Kemppainen alikosa, na kosa lenyewe alilifanya akiwahi ibada. Jumamosi ile zamu ilikuwa yake. Gundi ya mti waitayo lignini ilikuwa imeshachujwa kutoka kwenye supu nyeusi ya kiwanda cha karatasi, imelala chujioni kama keki. Keki hiyo huvunjwa kwanza, ikakorogwa upya ndani ya tindikali ili chumvi itoke, ndipo ikachujwa mara ya pili. Yeye aliimwagia tindikali juu juu, akatia sahihi, akakimbilia nyumba ya sala. Sasa magunia yamerudishwa na watengeneza plaiwudi, yamejaa chumvi, na lawama imemwangukia Vieno wa maabara: eti alipima vibaya. Leo saa nane mchana anaitwa ofisini kupewa barua ya kuachishwa kazi. Saa nane kasorobo Taisto yuko kwenye benchi la kibanda cha kahawa, mbele ya geti, theluji ya Machi ikiyeyuka miguuni. Yuko na Utomvu, dereva wa magogo, na Profesa, ambaye chuo alikiona kwa nje alipopeleka kuni.

— Vieno kakosa nini, bwana? — alisema Utomvu. — Mti ndio mbovu. Msonobari wa kinamasini una chumvi tangu tumboni mwa mamake.

— Mti una mama? — aliuliza Profesa.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Acha hizo. Ni ile gesi wanayopuliza kwenye supu ili lignini igande. Siku hizi wananunua ya kutilia soda. Lignini inacheua.

— Inacheua chumvi?

— Kwani wewe ukicheua unatoa sukari?

— Basi ni Waswidi! Wanapita na malori ya kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, wakifika hapa wanakata kona na kuimwaga kiwandani!

— Hapo umenena. Mzee Taisto, mbona kimya? Umeosha lignini miaka kumi na miwili.

— Nimechoka tu.

— Haraka haraka haina baraka, — alisema Profesa, akimsukumia andazi la mdalasini. — Kula.

Taisto aliliweka andazi kando.

Nyuma yao dada mmoja mwenye kofia ya kiwanda alikuwa akingoja kahawa yake. Tuulikki, wiki ya kwanza kazini.

— Samahani wazee wangu. Ile keki, kabla ya kuoshwa, aliivunja nani?

Utomvu alimtazama Profesa.

— Mambo ya kuvunja hayo… — alianza Profesa, akijimiminia kahawa.

Kila asubuhi tangu Jumamosi ile Taisto alikuwa akimwambia Mungu, ambaye alikuwa anajua tayari.

— Haikuvunjwa, — alisema. — Zamu ilikuwa yangu. Vieno alipima sawasawa.

Utomvu alivua kofia, akaivaa tena. Taisto aliinuka, buti zikateleza kwenye theluji iliyoyeyuka.

— Binti, imebaki robo saa. Naomba unishike mkono, unifikishe ofisini kabla Vieno hajaingia.