Mita Kumi Kutoka Kwenye Maji

Kwenye kona moja ya Majengo, mtaa wa Goma, pale barabara ya mawe meusi inapopinda kupita depo ya mbao, kuna benchi refu la mbao na mawe matatu ya volkano ambayo makalio ya watu yameyasugua mpaka yakang'aa. Mwenye benchi ni Mama Kahindo, muuza kahawa, na kila asubuhi watatu wale wale hulikalia kabla jua halijapanda juu ya mabati. Wa kwanza ni Grégoire, aliyepeleka barua za mahakama kwa miaka kumi na saba. Anaitwa Greffier, yaani karani wa mahakama, cheo ambacho hakukipata hata siku moja. Wa pili ni Constant, mfanyabiashara wa vitambaa, anayeitwa Bunagana kwa sababu kila habari yake huanzia mpakani kwa jina hilo. Wa tatu ni Habiyaremye, fundi mwashi, naye ni Mita, maana hawezi kutazama ukuta bila kusema umepinda kiasi gani. Wanabishana juu ya kila kitu, na Mama Kahindo huwamiminia bila kuingilia. Lakini asubuhi ile ya siku ya nne, Alhamisi, hakuwa na subira nao. Alikuwa ameweka fomu juu ya mfuniko wa beseni, kalamu ya bic ya bluu mkononi, na vikombe viwili vilikuwa vimekaa tupu bila yeye kuviona.

Wiki tatu kabla ya hapo mairie, ofisi ya meya, ilikuwa imekubali mpango wa kugawa viwanja mia mbili na kumi na mbili upande wa Mugunga, kando ya kijito. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Lilisema kwamba mita kumi kila upande wa maji hazitajengwa, na kaburi lililomo ndani ya mita hizo litaachwa mahali pake. Kaburi lililo nje ya hapo, familia ilihamishe. Ambalo halikuandikishwa kufikia siku ya tano, Ijumaa ya juma hili, saa sita za mchana litahesabiwa kuwa halipo. Na kando ya kijito hicho Mama Kahindo alikuwa na makaburi matatu.

— Umejaza yote? Greffier aliuliza.

— Yote. Mustari moja njo inabaki.

Greffier akaichukua fomu, akainyoosha mbali na macho, akasoma kwa sauti yake ya mahakamani:

— Élisabeth Kanyere, mama muzazi, mwezi wa tano, elfu moja mia tisa makumi nane na saba. Élisée, mudogo, miaka nane, mwezi wa saba, makumi tisa na ine. Kambere, baba muzazi, elfu mbili na sita. Safi. Hata tribunal haiandikake hivi. Sasa hii: umbali kati ya kaburi na maji, kwa mita. Hapa mbona iko weupe?

— Juu sijue.

— Andika tano, Bunagana akasema.

— Tano ya kutoka wapi, Papa Constant?

— Ya kutoka kwa kichwa. Mi nimepita mupaka miaka kumi na tano. Unaandika, mutu anapiga kashe, muhuri yake, unaenda. Hakuna mwenye alishafungua balo yangu akahesabu vitambaa.

— Mwaka gani walikufungia stock miezi miwili? Mita akauliza taratibu.

— Ile ilikuwa mambo ingine.

— Walihesabu.

— Nimesema ilikuwa mambo ingine.

Mama Kahindo akaivuta fomu yake. Hakuwa mtu wa kuandika asichokijua. Nyumbani alikuwa na daftari la baba yake, lenye majina ya ukoo tangu Butembo, nani alizaliwa na nani, nani alibatizwa parokia ipi, na mahali ambapo ndugu walibishana juu ya mwaka Mama Kahindo aliandika miaka yote miwili na jina la kila aliyebisha. Wapwa zake walimpigia simu kumuuliza tarehe za kuzaliwa kwao wenyewe. Sasa mstari mmoja mfupi ulikuwa umemshinda tangu alipoichukua fomu.

— Nikiandika tano na wakapima wakute kumi na moja, watasema nilidanganya, akasema. Wataona hata yale majina ni ya uongo.

— Njo hivyo, Mita akasema. Na watapima, mama. Mutu anayejenga Goma anapima udongo kuliko anavyopima dhahabu. Hapa mujini unashimba choo, unakutana na jiwe. Unashimba fondation ya nyumba, jiwe. Kule kando ya maji kuko udongo mweusi, jembe inaingia mpaka mupini. Papa yako alikuwa na akili. Alizika batu yake mahali jembe inaingia. Lakini mwenye kujenga naye anatafuta pale pale.

— Asante, Papa Habiyaremye. Umenipa nguvu.

— Mi nasema tu vile kazi iko.

Alimimina vikombe viwili vilivyokuwa vinangoja.

— Tufanye kama tribunal, Greffier akasema. Hatuna mita, tutumie mashahidi. Siku ya kuzika mama, nani alishimba?

Hilo alilijua. Akayataja majina manne bila kupumua: Baba mdogo Musavuli, Katembo wa duka la chumvi, jirani mmoja wa Masisi aliyeitwa Nsanzimana, na mtoto mkubwa wa huyo Nsanzimana. Chakula kilikuwa maharage na ugali wa muhogo. Na kabla hawajala, wale wanne walishuka kijitoni kuosha majembe, maana kwao jembe lililochimba kaburi halirudi nyumbani na udongo wake.

— Basi tumemaliza, Greffier akasema. Batu bane bamechoka, banasikia harufu ya maharage. Batatembea mbali kuosha majembe? Ni mita sita. Saba, kama Nsanzimana alikuwa na miguu mirefu.

— Alikuwa mufupi, Mama Kahindo akasema.

— Sita.

— Wewe haujue kazi, Mita akasema. Ukimaliza kushimba kaburi hausikiake njaa. Mi nimeshimba makaburi. Unatembea tu. Unaweza kufika mita arobaini na hauone.

— Arobaini ni ya muvivu wa kurudi.

— Arobaini ni ya mutu iko na huzuni.

— Mungojee, Mama Kahindo akasema kwa sauti ya chini. Katekista alikuwa anasoma. Alipandisha sauti juu ya maji. Nakumbuka. Alisimama, akatazama nyuma, akaanza tena kwa nguvu. Maji ilikuwa inasikika.

— Mwezi wa tano, Bunagana akasema. Mvua. Kijito ya mwezi wa tano inasikika hata kama iko parokia ya pili.

— Na katekista alikuwa nani? Greffier akauliza.

— Papa Ildephonse.

— Wa Majengo hapa? Huyo alikuwa na sauti ya kifaranga. Huyo hata maji ya kwa kikombe ingemushinda.

Mama Kahindo hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile, mkono wake ndani ya mkono wa shangazi, na alikuwa amejua siku zote kwamba maji yalikuwa karibu. Karibu. Neno hilo lilimtosha kwa miaka yote hiyo. Mara ya mwisho kufika kule ilikuwa kabla ya mlima wa volkano kulipuka mwaka elfu mbili na ishirini na moja. Baadaye barabara ya Sake, ipitayo Mugunga, haikupitika kwa vita, kisha wakimbizi walijaa Mugunga mpaka juu ya mashamba, hema kwa hema, na miyenzi ya ua aliyopanda baba yake kuzunguka makaburi huenda imekwisha kuwa kuni. Hakuwalaumu. Mtu mwenye sufuria ya watoto haulizi ua ni la nani. Barabara ilipofunguka alisema ataenda wiki ijayo, na wiki ijayo zilikuwa nyingi.

— Munazungumuza mambo ya mita kumi, Mita akasema, lakini mi naogopa kitu ingine. Mita kumi ni ya kutoka kwa maji. Wakichukua kijito wakaiweka ndani ya tuyau, bomba kubwa, juu wakamwaga beto ya simenti, maji iko wapi? Haiko. Na mita kumi zinakufa.

— Haiwezekani, Greffier akasema.

— Nimejenga caniveau tatu, mifereji ya maji, hapa mujini. Inawezekana kwa siku ine.

— Sheria inasema maji ni maji, Greffier akasema. Hata ndani ya tuyau. Mita kumi zinafuata tuyau.

— Kumbe? Basi ile robinet ya maji ya depo iko nayo na mita kumi. Amuka hapo, Greffier. Umekaa katika eneo ya serikali.

— Mi nasema sheria, we unasema robinet.

— Nyinyi mbili hamujue kitu, Bunagana akasema, akasogeza kiti chake cha jiwe kana kwamba ana siri ya kutoa. Hakutakuwa na nyumba kule. Parseli mia mbili na kumi na mbili, nani atanunua? Batu banahesabu makala ya kupikia kwa kipande. Ile ni maji njo banataka. Banaziba kijito juu, banajaza machupa, camion ya mizigo inapita Bunagana, inarudi hapa na karatasi ya rangi, unauziwa maji ya mama yako. Mi nimeona machupa matupu mupakani. Camion nzima. Nilijiuliza, matupu yanaenda kufanya nini Goma?

— Ni machupa ya mafuta ya kula, Mita akasema.

— Njo vile banataka uamini.

— Na makaburi? Mama Kahindo akauliza. Katika hiyo maji yako ya machupa, makaburi yanaenda wapi?

Bunagana akakiinua kikombe chake, akanywa.

Hapo ndipo aliposimama mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, jasho mgongoni, chukudu lake limesheheni viazi. Aliliegemeza kwenye ukuta wa depo akaomba kikombe kimoja. Hakuketi.

— Unatoka wapi, papa? Mama Kahindo akamuuliza, kwa adabu tu.

— Nyuma ya Mugunga, mama. Naitwa Lionel. Naamkia kule.

Benchi lote likamgeukia. Greffier akamweleza jambo tangu mwanzo, tangazo, siku ya tano, majembe, katekista, mita sita na mita arobaini. Lionel alisikiliza akinywa polepole, macho yakienda kwa kila aliyeongea. Mwisho akamtazama Mama Kahindo peke yake.

— Nauliza tu, mama. Ni maji gani?

— Maji gani namna gani? Greffier akasema. Ni kijito. Iko moja.

— Ilikuwa moja. Mvua ya mwaka jana iliivunja pale juu. Sasa maji inapita upande wa mlima, mbali na pale ya zamani. Kule zamani inabaki kabonde kakavu, batoto banachezea mupira. Makaburi yenu, mulikuwa munapimia maji gani?

Gari la maji lilipita kwa kishindo mpaka mwisho wa barabara.

Mama Kahindo aliutazama ule mstari mweupe. Alikuwa na majina manne ya wachimbaji, sala ya katekista, maharage. Alikuwa na mwaka na mwezi. Kwa wiki tatu alikuwa amekaa kwenye kona hii akipimiwa na watu watatu ambao hawakuwahi kufika kwenye makaburi hayo hata siku moja, na yeye aliyefika alikuwa amewaacha wapime.

— Kati ya ile ya zamani na ile ya sasa, akasema, kuko kitu?

— Kuko udongo muzuri, mama. Majani tu. Hakuna jiwe.

— Msalaba?

— Msalaba sijaona. Lakini mi sikuwa natafuta.

— Borne, mawe ya mipaka, zimekwisha kuwekwa?

Lionel akasita. Alitazama kikombe, akatazama chukudu.

— Zimeanza. Walianza siku ya kwanza ya wiki hii. Wameanzia pale pale, kati ya maji na maji. Siku ya pili wameleta na batu ya kushimba.

— Wamefika wapi?

— Jana nilipita mbali, mama. Sikuona vizuri.

Mama Kahindo aliikunja fomu mara mbili akaiweka kifuani, chini ya kitenge. Akamwambia Mita avifunge vikombe ndani ya beseni, akamwambia Greffier asiruhusu mtu kuchukua benchi. Bunagana alikuwa amekwisha kusimama, akauliza kama aende naye. Alimwambia aje kama ana miguu, lakini habari zake aziache hapa.

Kisha akainua thermos, akaiinamisha mpaka mwisho juu ya kikombe cha mgeni. Ilitoka nusu, na machicha.

— Kunywa mbio, Papa Lionel. Viazi utauzia njiani. Tunarudi kule.