Waridi la Plastiki kwa Papa Ketsia

Ukishika barabara inayotoka Baraka kwenda Fizi, kabla nyumba hazijaisha utakuta benchi la Mama Faida, ubao mmoja juu ya matofali, na juu yake watu wanaojua kila kitu. Kazi yao ni kunywa kahawa na kutoa hukumu. Asubuhi hiyo hukumu ilihusu parseli, yaani kiwanja na nyumba, ng'ambo ya barabara, ya Casimir fundi mwashi, ambaye benchini anaitwa Plan kwa kuwa hakuna jambo linalomkuta bila plan. Jumamosi wakwe walikuwa wanashuka kutoka Lubondja kuleta mahari ya binti yake Ketsia. Wakwe wenyewe ni wakulima, na shangazi mmoja wa bwana arusi, kijana Vainqueur, alikuwa amekwisha kusema kwamba wasichana wa Baraka hawajui udongo. Neno hilo lilimkaa Casimir kooni. Ketsia alikuwa amepanda waridi mbele ya baraza kwa mikono yake, mwaka wa tatu sasa, lakini kiangazi na vumbi la pikipiki ziendazo machimbo ya Misisi vilikiachia kichaka kile maua manne tu. Basi Casimir akanunua maua ya plastiki sokoni, akayachomeka katikati ya yale ya kweli, akavuka barabara, akaketi benchini kutazama kazi yake. Alijiona amemaliza.

— Angalieni vizuri, akasema. Ya kweli ni gani, na ya plastiki ni gani?

Nicolas alikodoa macho. Wanamwita Avoka, yaani wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa.

— Ile ya juu iko ya plastiki. Inajivuna sana.

— Ile iko ya kweli.

— Basi ya chini.

— Ya chini iko nusu-nusu, mi mwenyewe nimeisha kusahau. Hiyo ndiyo plan. Ya kweli inaleta majani na harufu, ya plastiki inaleta rangi. Kila moja na kazi yake.

Ibrahim, mwenye mtumbwi wa mota, aliinua uso mbinguni kwanza. Ndiye Meteo, bingwa wa kutabiri mvua isiyonyesha.

— Jua itakula ile rangi, Plan. Mwezi moja tu, itakuwa mweupe yote.

— Mwezi moja, ndoa itakuwa imeisha kufungwa.

— Mi naona ingine, akasema Avoka. Ile ya kweli inaona jirani yake imevaa vizuri kila siku. Inapata haya. Wiki mbili, na yenyewe itavaa.

— Maua iko na macho? akauliza Mama Faida, akimimina.

— Haina macho, iko na wivu. Kwangu kuku moja ilianza kutaga sababu iliona ingine inataga.

Meteo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeongezewa ushahidi.

— Sawa na kule ku ziwa. Tunawasha taa, ndagala inafikiri ni mwezi, inakuya mingi. Donc, basi, nyuki nayo itaona plastiki, itafikiri ni musimu. Nyuki ikikuya, kichaka itazaa maua hata bila mvua.

— Na nyuki ikikuta ni plastiki? akauliza Casimir.

— Itakasirika, itauma bakwe, akasema Avoka. Lakini musiogope. Sheria inasema mukwe akiumwa na nyuki mbele ya mahari, ile ni baraka, banaongeza ng'ombe moja.

— Na bakwe bakileta ng'ombe ya plastiki, Papa Ketsia, we utasema nini? akauliza Mama Faida.

Benchi zima likacheka, na Casimir naye akacheka, ila kidogo.

— Ng'ombe inakamuliwa, Mama Faida. Maua inaangaliwa tu.

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe. Alikuwa anataka kulirudia pale pikipiki iliposimama, akashuka mama mmoja mwenye kikapu, akapangusa vumbi usoni.

— Jambo zenu, bapapa. Kwa Papa Ketsia ni wapi?

— Ni mi, mama. Karibu.

— Mi niko tantine ya Vainqueur, wa kule Lubondja. Nilileta mihogo ku soko, nikasema nipite nijue nyumba mbele samedi ya mahari ifike.

Casimir alisimama haraka hadi kahawa ikamwagika. Ndiye yule shangazi. Lakini mama alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye waridi.

— Inapendeza, akasema. Nani alipanda?

— Ketsia mwenyewe, mama.

— Kumbe. Basi munikatie katawi, kale kenye maua mingi. Kwetu, ukifika kwa muntu mara ya kwanza, unaomba mbegu ya maua yake, unaenda kupanda kwako. Nitaonyesha bandugu mukono ya mutoto wetu.

Avoka akachungulia ndani ya kikombe chake. Meteo akarudi kutazama mbinguni. Casimir aliwaza kusema kisu kimepotea, na uongo ulikwisha kufika ulimini, lakini aibu ikamshika: angempa vipi mama huyu plastiki akaizike Lubondja kwa jina la mtoto wake?

— Mama, kale hakatashika. Iko ya plastiki. Ni mi niliweka. Mutoto alinikataza.

Mama hakucheka wala hakununa.

— Na kenye mutoto alipanda ni kapi?

Casimir alikitazama kichaka mbele ya baraza lake mwenyewe, asione tofauti. Ikabidi avuke barabara na mgeni wake, aite mlangoni.

— Ketsia, kuya na kisu.

Ketsia alikuja, akamsalimia mgeni akiinama. Hakuyatazama maua. Alipeleka mkono chini karibu na udongo, akapapasa, akatoa tawi lisilo na ua hata moja, akalikata mshazari na kulifunga ndani ya jani la mgomba pamoja na udongo wenye maji.

— Mutaanza kupanda mu kivuli, tantine. Maji kidogo tu.

Mama aliliweka juu kabisa ya kikapu, lisigandamizwe.

— Ile ya plastiki mutoe, Papa Ketsia, akasema akipanda pikipiki. Inafunika kazi ya mutoto.

Kahawa ilikuwa bado ipo benchini. Casimir alibaki ng'ambo kwake, ameinama kando ya binti yake, akishika shina moja baada ya jingine, akitafuta la plastiki la kung'oa.

— Na hii?

— Hiyo iko yangu, papa. Wacha.