Uso wa Mama Keki kwenye Kozi ya Kushona

FUNDI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

MAMA SINDANO: Ni nani? Mkeo!

FUNDI: Aa, mama watoto! Namba ngeni hii, nikadhani ni—

MAMA SINDANO: Ulidhani ni nani? Malizia.

FUNDI: Mteja. Habari za huko?

MAMA SINDANO: Hazisemeki. Niko saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama nimeona jini. Hii simu ya msusi. Yangu iko mkono wa pili, naangalia kozi yangu.

FUNDI: Ah, ile niliyokupandishia mtandaoni, umeifungua! Umeionaje?

MAMA SINDANO: Mume wangu, nakuuliza, na unijibu taratibu kama umekaa mbele ya baba yangu. Mama Keki, mwalimu wa mapishi, anafanya nini kwenye kozi yangu ya kushona?

FUNDI: Anafanya nini kivipi?

MAMA SINDANO: Anacheka! Ukurasa wa kupima kifua, huyo hapo, jicho moja na meno yote. Kukata kola, yupo. Nimekimbilia kwenye vifungo, nikamkuta kanitangulia!

FUNDI: Mama, sikiliza—

MAMA SINDANO: Nimewaita watu wote humu ndani, njooni mnione nimeingia mtandaoni. Msusi ananiuliza, huyu ndiye mwalimu mkuu wenu? (vicheko nyuma) Nyie, chekeni kwa zamu, naongea na mume wangu!

FUNDI: Kwenye kompyuta ya nyumbani uliiona iko sawa, si ndiyo?

MAMA SINDANO: Ilikuwa imenyooka kama pindo la suti. Sasa angalia. Herufi zangu zile za mikunjo zimegeuka viboksi vitupu. Mshale wa kola umeshuka, unaonyesha kwapa. Yale maneno yaliyokuwa yanaingia moja moja nikibofya, yamekuja yote kwa mkupuo, yamekaliana mapajani. Umenifanyia nini, wewe bwana?

FUNDI: Sijakufanyia kitu. Slaidi ni kama nguo uliyoipiga pini ukutani, kila kitu kinakaa pale pale ulipokiweka. Kozi ya mtandaoni inavaliwa na kila mwili. Kwenye kioo cha simu kila kitu kinabanwa, kinasogezwa—

MAMA SINDANO: Mbona ya Mama Keki haikubanwa? Nimeifungua kwenye simu hii hii. Inateleza kama siagi!

FUNDI: Ya kwake nyepesi. Picha moja, maneno machache, herufi za kawaida. Alinisikiliza nilipo—

MAMA SINDANO: Alikusikiliza! Mlikaa wapi akikusikiliza?

FUNDI: Ofisini, hapa chuoni. Mlango wazi, mhasibu yupo pale anapiga miayo.

MAMA SINDANO: Nani kauliza habari za mlango?

FUNDI: (anavuta pumzi) Na wewe nilikuita. Ukasema slaidi zako zimekamilika, nisitie mkono, nizipandishe hivyo hivyo.

MAMA SINDANO: Kwa hiyo ndiyo ukaamua kunipandishia na— haloo? Haloo?

FUNDI: —po hapa, nakusikia.

MAMA SINDANO: Mtandao unakwaruza. Nasema, ndiyo ukaamua kunipandishia na mwanamke juu yake? Saa tisa Mkuu wa Chuo anazifungua kozi zote ukumbini, achague nani aongoze masomo ya mtandaoni. Mbele ya walimu wote! Utaniambia hujui?

FUNDI: Najua.

MAMA SINDANO: Basi kwa nini umemweka?

FUNDI: Sijamweka mimi.

MAMA SINDANO: Kajileta kwa miguu yake?

FUNDI: Alikuwemo, mke wangu. Alikuwa chini.

MAMA SINDANO: Chini ya nini?

FUNDI: Chini ya kiraka. Kuna kiboksi cheupe, kila ukurasa, kona ya juu. Kwenye kompyuta kinamfunika vizuri kabisa, hata mimi sikushtuka. Kwenye simu picha imesogea, kiraka kimebaki mahali pake.

MAMA SINDANO: (mlio wa kikaushio cha nywele)

FUNDI: Haloo? Upo?

MAMA SINDANO: Nipo.

FUNDI: Na pale mwisho, penye cherehani, kuna kiraka kingine. Chini yake pameandikwa, acha keki ipoe kabla ya kupaka krimu.

MAMA SINDANO: (kwa sauti ya chini) Ngoja nitoke nje, humu kuna masikio... Haya. Vile vimaua vya pembeni kila mtu anatumia. Si vyake peke yake.

FUNDI: Sijasema kitu.

MAMA SINDANO: Na rangi ile ya zambarau nimeipenda mimi kabla yake.

FUNDI: Sawa.

MAMA SINDANO: Usiniambie sawa kwa sauti hiyo.

FUNDI: Mama, muda unakwenda. Nikimtoa, vimaua na zambarau vinaondoka naye, maana ni slaidi zake ulizonakili, vyote vimeshikana. Utabaki na kurasa nyeupe, maneno yako na picha zako.

MAMA SINDANO: Itakuwa kama shuka la hospitali! Pembeni ya ile yake nitaonekana nini mimi?

FUNDI: Utaonekana wewe. Ile picha ya mikono yako inageuza kola, nimeijaribu kwenye simu. Imekaa kioo kizima. Mpaka uzi unaonekana. Nimeitazama kuliko inavyohitajika kikazi.

MAMA SINDANO: (anacheka kidogo, anajizuia) Muongo wewe.

FUNDI: Haki ya Mungu.

MAMA SINDANO: ...Kwani hapo chuoni kuna mtu kashaiona?

FUNDI: Ngoja niifungue hapa kwanza...

MAMA SINDANO: Baba watoto. Nani kaiona?

FUNDI: Mwenyewe.

MAMA SINDANO: Mwenyewe nani?

FUNDI: Mama Keki. Asubuhi. Alinipigia, akasema, shemeji, nitoe mle kabla Mkuu hajafika, na mkeo asijue kama nimeona.

MAMA SINDANO: Amesema hivyo?

FUNDI: Neno kwa neno.

MAMA SINDANO: Hakucheka?

FUNDI: Hakucheka.

MAMA SINDANO: Angecheka tu! Afadhali angecheka. Sasa nikikutana naye kwenye korido nimtazame wapi?

FUNDI: Mtazame usoni. Unaujua vizuri.

MAMA SINDANO: Ushindwe! ...Mtoe. Toa vimaua, toa zambarau, toa vyote. Herufi weka hizo za kawaida. Mshale uwe kwenye kola. Mikono yangu iache.

FUNDI: Mikono naiweka ukurasa wa kwanza.

MAMA SINDANO: Haya. (anaita nyuma) Nakuja, dada, salio lako nitakurudishia, usinizimie! Fanya haraka basi, mimi nimalizie hiki kichwa nije ukumbini.

FUNDI: Haya mama, kazi njema, tutaona—

MAMA SINDANO: Ngoja. Ngoja kwanza. Kakupigia asubuhi, umesema?

FUNDI: Ndiyo.

MAMA SINDANO: Kwenye simu yako hiyo? Sio ya ofisini?

FUNDI: Mama, nishafungua kozi hapa, nataka kuanza—

MAMA SINDANO: Namba yako kaipata wapi, na tangu lini anakuita shemeji kwa sau—

FUNDI: Haloo? (mlio wa simu iliyokatika) Haloo? Mama watoto? ...Salio limeisha. Ahsante salio, Mungu akubariki.