Kikombe cha Kwanza ni cha Mbali Zaidi

Machogu alitoa tiketi ya bintiye kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, akaikunjua mbele ya wote, na tiketi hiyo hiyo ikamgeuka. Kwenye benchi la kahawa la Mama Ruqiya, hapa Keumbu, kikombe cha kwanza hupewa mzazi ambaye mtoto wake ameruka mbali zaidi. Miaka sita kilikuwa chake, tangu Gesare aende Minneapolis kuuguza wagonjwa, naye baba akabandikwa jina Terminali. Sasa kijana wa Onchiri alikuwa Sydney, na Onchiri alikuwa amekuja na simu yenye tiketi. Ogari, aitwaye Profesa kwa sababu ya miwani, akahesabu kwa vidole. Gesare aliondoka Nairobi saa tano usiku, akatua kesho yake saa saba mchana, saa za kule. Masaa kumi na manne. Kijana wa Onchiri aliondoka saa kumi na moja jioni, akatua kesho yake saa nne usiku, saa za kule. Ishirini na tisa.

— Mara mbili na chenji, Terminali, alisema Onchiri, mkono tayari umeelekea kikombeni.

Machogu alihisi masikio yakichemka. Yeye, mtu aliyefika Kampala mara mbili, ananyang'anywa kikombe na karatasi aliyoileta mwenyewe! Akadai kijana wa Sydney alilala njiani. Onchiri akajibu kwamba haba na haba hujaza kibaba, hata usingizi ni safari. Profesa akaingilia kuwatuliza: dunia inazunguka, kwa hivyo ndege ya Amerika hupaa kidogo tu, ikangoja juu hapo hadi Amerika ipite chini yake, halafu ikashuka.

— Kumbe, alisema Onchiri. Basi Gesare hakusafiri. Amerika ndiyo ilimfuata.

Benchi lilicheka hadi likayumba. Machogu aliikunja tiketi polepole, akaketi wima.

— Ndiyo, ilimfuata. Muuguzi kama huyo, nchi yenyewe inakuja kumchukua mlangoni. Chema chajiuza, Onchiri. Kibaya ndicho hujitembeza masaa ishirini na tisa.

Hata Onchiri alicheka, akarudisha mkono. Mama Ruqiya akainua birika, akamimina cha kwanza, akamsogezea Machogu. Machogu alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kombe.

Okemwa, mwendesha bodaboda aliyekuwa ameketi pale kwa mara ya kwanza, alikuwa amesikiliza kwa heshima tangu mwanzo.

— Wazee, aliuliza, na kutoka huko kuja hapa nyumbani, huwa ni masaa mangapi?

Profesa aliinua vidole, akavitazama, akavishusha. Onchiri akaanza kusema kwamba labda upepo wa kurudi huwa tofauti, labda njia yenyewe. Machogu aliweka kikombe chini kabla hajaonja.

— Hatujui, kijana. Hawajawahi kurudi.