Mama Dazeni Akabidhi Chumba cha Mafunzo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya maji, mkufunzi wetu mkuu anastaafu. Barua za ofisi zina jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia wasoma mita hadi mkurugenzi, tunamwita Mama Dazeni.

Alianza kama mhudumu wa pampu, kisha akapewa kazi ya kufundisha wenzake kubadilisha mitungi ya klorini, dawa ya kusafishia maji ambayo ikivuja huunguza mapafu. Mwaka wake wa pili wa ukufunzi aliamriwa kufundisha watu hamsini na wanne kwa siku moja, kantini, kwa barakoa mbili. Wote walisaini kwamba wamefuzu. Wiki tatu baadaye mtungi ulivuja, na mhudumu mmoja aliyekaa nyuma siku ile akavaa barakoa bila kukaza mikanda. Alilazwa siku tisa.

Mama alikwenda kumjulia hali. Mgonjwa akamwambia kwa upole, "Dada, mimi nilikuwa naona mdomo wako unacheza tu. Kusikia, sikusikia kitu."

Asubuhi iliyofuata alimwandikia meneja: watu kumi na wawili kwa darasa, basi. Akaulizwa kwa nini asichukue watatu, ikiwa anapenda uchache. Alishajaribu, watatu waliogopana, hakuna aliyethubutu kuuliza swali la kijinga. Kumi na wawili ni jozi sita, kila mmoja anaushika mtungi kwa mkono wake, na mwenzake anamkagua mikanda. Kwa somo la kanuni za likizo alikuwa tayari kuhutubia hata mia. "Likizo haiui mtu," alisema.

Wakubwa walimkunjia uso kwamba anachelewesha kazi. Alishika lake. Kozi ya siku moja ikawa ya wiki nzima, na kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyelazwa tena kwa klorini.

Nami nilipita mikononi mwake. Mara tatu alinivua barakoa niliyodhani nimeivaa sawa, na mara zote tatu nilimchukia.

Juma lililopita tuliandaa ukumbi wa watu tisini kwa somo lake la mwisho. Aliingia, akatuhesabu, akabakisha kumi na wawili wake na kuwapangia wengine siku. Mkurugenzi aliangukia Alhamisi. Akaja, na daftari.

Asante kwa ukali wako, Mama. Sisi tunaopumua vizuri tunajua thamani yake. Nenda ukapumzike na mzee wako; tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya furaha.