Masikio Yaliyosimamisha Mashine: Maisha ya Mama Sindano, 1946–2025

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, huyu tunayemlaza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, katika chumba cha nyuma cha duka la saa la baba yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba alikuwa fundi saa na mama mkunga. Mwenyewe alipenda kutania kwamba mmoja aliwapokea watu duniani, mwingine akawapimia muda wao. Utoto wake aliulala katikati ya saa arobaini ambazo hata mbili hazikuwahi kukubaliana. Alisema ilikuwa kama kulala juu ya maji yanayotikisika kidogo, na kwamba hakupata tena usingizi mtamu kama ule.

Alianza shule ya msingi Januari 1953 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1964. Hesabu zilimpiga chenga, ila masikio yake yalikuwa mali ya darasa zima. Mwalimu wa zamu akiwa bado mwisho wa ukumbi, yeye hunong'ona, “Kaeni vizuri, huyo anakuja, na kisigino chake cha kushoto kimelegea.” Siku mwalimu alipolisikia neno hilo, wote walijikunyata wakingoja fimbo. Mwalimu akainua kiatu, akakitazama kisigino, akasema, “Kumbe kweli,” kisha akaendelea na somo.

Tarehe 1 Februari 1966 aliajiriwa katika kiwanda cha santuri. Huko chini, mashine zilikandamiza mabonge ya plastiki ya moto katikati ya mabamba mawili, na kila nusu dakika ikatoka santuri nyeusi inayong'aa, ingali na joto. Juu, katika chumba kidogo chenye pazia zito, marehemu aliketi peke yake akisikiliza santuri moja kati ya kila mia, akitafuta kasoro. Saa nane kwa siku alizitazama zikizunguka. Wafanyakazi walimkuta mara nyingi macho yamelegea, midomo wazi, wakadhani amesinzia. Thubutu! Sindano ikikanyaga punje ya vumbi tu, mkono ulikwisha kuinuka. Ndipo wakamwita Mama Sindano, akiwa bado binti wa miaka ishirini.

Mwezi Juni 1969 alisimamisha mashine kwa ajili ya kikohozi. Msimamizi alipanda ngazi akihema.

“We binti, kiwanda kizima kimesimama kwa kikohozi?”

“Mtu amekohoa, mzee. Upande wa pili, tarumbeta inapopumzika.”

Msimamizi alisikiliza mara tatu, hakusikia kitu. Mara ya nne akavua kofia. Bendi ikaitwa kurekodi upya, na mpiga tarumbeta, kijana mrefu aliyevaa shati lililopauka, akaomba aonyeshwe mtu aliyemsikia.

“Nilikohoa ndani ya shati langu,” alijitetea.

“Basi siku nyingine vaa koti,” binti akamjibu.

Sisi wanawe tulizaliwa kutokana na jibu hilo. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu: binti mkubwa, mwana wa katikati, na kitinda mimba.

Kaseti zilipoingia mitaani, baba alizipokea kwa mikono miwili. Aliweza kujirekodi sebuleni, kuzinasa sauti zetu tukibishana, na kutembea na muziki mfukoni. Mama hakuzidharau. Redio ilipomeza kanda, yeye ndiye aliyeichomoa taratibu na kuikunja upya kwa penseli, akiinyoosha kwa kidole kama utepe wa nywele za mtoto. Alisema tu kwamba kaseti ni mgeni unayetembea naye, lakini santuri ni mwenyeji: wewe ndiye unayemfuata alipo, unakaa, unamsikiliza mpaka amalize. Hata hivyo watu walitaka wageni. Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Septemba 1986. Siku hiyo aliingia katika chumba chake, akaweka santuri tupu isiyo na wimbo, akasikiliza upande mzima, kisha akafunga mlango.

Januari 1987 alihamia maktaba ya redio, akatunza santuri elfu sita zilizosimamishwa wima rafuni kama vitabu. Sidii zilipofika alizishika kwa ncha za vidole, akashangaa upinde wa mvua uliomo. “Nzuri,” alisema, “ila haina uvumilivu. Santuri ikikwaruzwa inalalamika huku inaendelea na kazi. Hii inakata kauli.”

Baba alitutoka tarehe 4 Agosti 1998. Tarumbeta yake ilibaki katika santuri moja pale maktabani, ambako mama aliona ni salama kuliko nyumbani, na katika kaseti moja kabatini. Kaseti hiyo mmoja wetu aliirekodia matangazo ya mpira juu yake. Hakuna aliyekiri hadi leo.

Mwaka 2006 wakubwa wa redio waliamua nyimbo zote zinakiliwe kwenye kompyuta na santuri zitupwe. Mama alikuwa likizoni. Aliporudi, lori lilikuwa limekwisha kupeleka jalalani shehena ya kwanza, santuri mia tisa, na lilikuwa likipakia ya pili. Akamwendea meneja, mtu wa rika la mwanawe.

“Mama, si zimo zote kwenye kompyuta?”

“Zimo, baba. Umezisikiliza?”

Meneja alibonyeza wimbo wa bibi mmoja wa zamani, mwenye sauti nzito inayojulikana na wote. Ikatoka sauti ya kitoto, inakimbia kama inafukuzwa. Walionakili walikuwa na haraka, wakaweka kasi isiyo yake. Meneja alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaacha kucheka. Alitoka nje mwenyewe akamwambia dereva azime injini. Santuri elfu tano na mia moja zilirudishwa rafuni, na ziko huko mpaka sasa.

Santuri ya baba ilikuwa katika zile mia tisa. Mama alikwenda jalalani na kitinda mimba wake. Walikuta vipande vyeusi vimelala juani, vimejikunja. Hakulia. Aliporudi, fundi wa kompyuta akaitafuta nakala, tarumbeta ikalia kama ndege aliyepagawa. Fundi akapunguza kasi, kidogo, kidogo tena. Mama alifumba macho, mkono ukiwa hewani, mpaka akaushusha.

“Hapo. Ndiye.”

Tangu siku ile hakuisema tena vibaya kompyuta. Wimbo ulipofika mahali tarumbeta inapopumzika, palikuwa safi, pametulia. Akasema polepole, “Laiti ningewaachia kile kikohozi.”

Alistaafu Machi 2009. Kuanzia 2019 sauti zilianza kumuaga, nyembamba zikitangulia: ndege, kengele ya mlango, kisha wajukuu. Alianza kusikiliza kwa kiganja, amekilaza juu ya mbao za spika, akitabasamu peke yake kama mtu anayesimuliwa jambo la siri. Mjukuu alimletea simu akamwambia kwa sauti kubwa sikioni, “Bibi, nyimbo zote za dunia zimo humu.” Akaigeuza, akaitazama mgongoni. “Zote? Maskini, zimebanana.”

Tarehe 2 Mei 2025 alipatwa na kiharusi. Alilazwa wiki mbili, akaomba arudi nyumbani. Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mdogo wake alikuwa akimchana nywele, dirisha wazi, jua limejaa chumbani.

“Unaisikia?” marehemu aliuliza.

“Nini, dada?” mdogo wake akamwinamia sikioni.

“Mvua.”

Majirani na watoto wa mtaa waliokuwa nje wanajua hapakuwa na wingu. Lakini mdogo mtu, ambaye hakuwahi kumwambia dada yake uongo, aliweka kitana chini, akamshika mkono, akasema, “Naisikia, dada. Inakuja.” Wakaisikiliza pamoja mpaka mmoja wao akaenda.

Ameacha mdogo wake wa pekee, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja anayejifunza kusimama. Mola ampokee Mama Sindano, na kimya alichokiingia kiwe kimya cha amani.